Jinsi ya kutumia grafu ya kwadratiki kwenye mambo ya kweli: banda la kuku, bei ya juisi, tofali la fundi na breki

Watu wengi wakisikia kwadratiki (mlinganyo wenye x²) kinachowajia kichwani ni ile fomula ndefu yenye kipeuo, hasi b jumlisha au toa, halafu basi, jibu limepatikana na limepigiwa mstari mara mbili kwa chini. Grafu yenyewe wanaichora kwa sababu tu swali limesema "chora". Mi naona hapo ndo tunapopoteza kitu kikubwa, maana fomula inakupa namba moja au mbili, ila grafu inakuonyesha mtaa mzima unaozunguka ile namba, yaani ukikosea kidogo unapoteza kiasi gani, ukizidisha unapoteza kiasi gani, na ni wapi unaweza kujiachia bila kupata hasara. Na kwenye maisha hicho ndo tunachokihitaji, sababu hakuna fundi anayekata wavu bila kukosea hata sentimita moja, na hakuna mfanyabiashara anayejua kesho atakuja mteja wa ngapi.

Chukua penseli, karatasi ya grafu (daftari la hesabu la vyumba vidogo linatosha kabisa) na kalkuleta ya simu, tuanze na kuku.

Wavu wa mita 24

Una wavu wa mita 24 unataka kuzungushia kuku nyuma ya nyumba. Ukuta wa nyumba unautumia kama upande mmoja, kwa hiyo wavu unazunguka pande tatu tu. Uweke vipimo gani ili kuku wapate nafasi kubwa iwezekanavyo?

Kabla hujaandika x wala y, chora kamchoro. Ukuta juu, pande mbili zinashuka kutoka ukutani, na upande mmoja mrefu umelala sambamba na ukuta. Zile mbili zinazotoka ukutani ziite x kila moja. Zikishakula 2x ya wavu, upande mrefu unabakiwa na 24 − 2x. Eneo ni urefu mara upana:

A = x(24 − 2x) = 24x − 2x²

Hapo kwadratiki imezaliwa, na angalia vizuri ilivyozaliwa sababu ndo utakavyoitambua sehemu nyingine: kitu kimoja kinaongezeka, kingine kinapungua kwa kasi isiyobadilika, halafu vyote viwili vinazidishana. Bei inapanda wateja wanapungua, upana unakua urefu unaliwa. Ukikutana na hali ya namna hiyo, jua kuna parabola hapo, yaani ule mkunjo wa grafu ya kwadratiki.

Sasa mipaka. x haiwezi kuwa chini ya 0, na haiwezi kuzidi 12 sababu pande mbili za mita 12 zinamaliza wavu wote. Iandike hiyo mipaka pembeni mwanzoni kabisa, wanafunzi wengi wanairuka halafu wanaleta banda lenye upana wa hasi. Ukishaijua mipaka ndo unatengeneza jedwali:

x: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12
A: 0, 22, 40, 54, 64, 70, 72, 70, 64, 54, 40, 22, 0

Kwa skeli, sentimita 1 kwa kila mita 1 kwenye mhimili wa x, na sentimita 1 kwa kila mita za mraba 5 kwenye mhimili wa y, inakaa vizuri kwenye ukurasa. Weka pointi zako, halafu ziunganishe kwa mkono ulio huru, bila rula. Hili la rula nalisisitiza kwa kweli. Parabola haina sehemu iliyonyooka hata moja, ukiweka rula kati ya pointi mbili umekata kona, na kona unayoikata mara nyingi ni ile ya juu kabisa ambayo ndo jibu lako lipo. Zungusha karatasi ili mkono wako uwe upande wa ndani wa mkunjo, utaona mstari unatoka laini bila kuulazimisha.

Kilele kipo x = 6. Upande mrefu ni 24 − 12 = 12, eneo mita za mraba 72. Mtu ambaye hajui anaweza kusema ah, si ningetengeneza tu mraba, mita 6 kila upande, pande nne. Eneo lake ni 36. Wavu uleule, ila aliyetumia ukuta amepata banda kubwa mara mbili.

Ila sasa tazama juu ya grafu, pale kwenye kilele. Ukitoka 6 ukaenda 5 au 7 unapoteza mita za mraba 2 tu kati ya 72. Mita nzima umekosea, na hasara ni karibu hamna. Lakini ukitoka 2 kwenda 1 unapoteza 18. Parabola juu kabisa inakuwa tambarare, na pembeni inaporomoka. Fomula ingekwambia "6" ikanyamaza, wewe ungehangaika na futikamba ili iwe 6 kamili, wakati grafu inakwambia popote kati ya 5 na 7 uko salama, chagua kinachoendana na uwanja wako.

Na kama swali si "kubwa kuliko zote" bali "angalau 64"? Hapo unalaza rula kwa usawa pale y = 64, unachora mstari, unaangalia unakata mkunjo wapi. Unakata x = 4 na x = 8. Kwa hiyo unaweza kuwa na banda la 4 kwa 16, jembamba refu linalofuata ukuta, au 8 kwa 8, mraba. Eneo sawasawa. Na chochote kilicho kati ya 4 na 8 kinakupa zaidi ya 64. Kama nyuma ya nyumba una nafasi ya mita 5 tu hadi mpaka wa jirani, basi 8 haikufai, unachukua 4 au 5, na umeamua kwa kuangalia picha.

Kuna kitu kimoja zaidi watu wanasahau, mlango. Mlango wa banda unatengenezwa kwa mbao, kwa hiyo ule mita 1 wa mlango hauli wavu. Ukiuweka kwenye upande mrefu, upande ule unakuwa 25 − 2x, na A = 25x − 2x². Ukifanya jedwali kwa namba nzima, x = 6 inakupa 78 na x = 7 inakupa 77. Kilele kipo katikati yake, karibu zaidi na 6. Hapo ndo unatumia ulinganifu: mkunjo unagusa sifuri pale x = 0 na x = 12.5, kilele lazima kiwe katikati kabisa, 6.25, na eneo ni 78.125. Hii njia ya katikati ishike, ni ya haraka kuliko ile fomula ya kilele, −b/2a, na inafanya kazi kwa pointi zozote mbili zilizo kwenye kimo kimoja, si lazima ziwe kwenye sifuri. Zile 4 na 8 za juu, katikati yake ni ngapi? 6.

Bei ya glasi ya juisi

Huu ndo mfano ninaoupenda kuliko yote, sababu kila mtaa una mtu anayeuza kitu na hajui apandishe bei au ashushe, na mara nyingi anaamua kwa kumwangalia jirani.

Tuchukue mama anauza juisi ya embe. Kwa shilingi 1000 anauza glasi 80 kwa siku. Maembe, sukari na maji vinamgharimu shilingi 400 kwa glasi. Amejaribu kupandisha bei kwa wiki akagundua kwamba kila akiongeza shilingi 100, wateja kama 5 wanamkimbia. (Namba hizi nimezitunga ili hesabu isomeke, zako utazipata mwenyewe: uza kwa bei moja wiki nzima, uza kwa bei nyingine wiki nzima, andika glasi kila jioni. Usilinganishe Jumatatu ya mvua na Jumamosi ya jua.)

Hapa kosa la kwanza ni kuita bei x. Inawezekana, ila namba zinakuwa kubwa na jedwali linachosha. Afadhali n iwe idadi ya mara alizoongeza shilingi 100. Basi:

bei = 1000 + 100n
anachobakiwa nacho kwa glasi = 600 + 100n
glasi = 80 − 5n

Faida = (600 + 100n)(80 − 5n) = 48000 + 5000n − 500n²

Jedwali:

n: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10
Faida: 48000, 52500, 56000, 58500, 60000, 60500, 60000, 58500, 56000, 52500, 48000

Kwenye mhimili wa y usianzie sifuri kama karatasi ni fupi, anzia 40000 na uweke alama ya zigizaga chini ili msomaji ajue mhimili umekatwa. Ila ukianzia juu hivyo mkunjo utaonekana mkali kuliko ulivyo, kumbuka hilo unapousoma.

Kilele ni n = 5, bei 1500, glasi 55, faida 60500. Sawa. Sasa rudi kwenye lile jambo la utambarare. Kwa 1400 faida ni 60000, kwa 1500 ni 60500, kwa 1600 ni 60000 tena. Tofauti ni shilingi mia tano kwa siku nzima. Kwa 1400 anahudumia watu 60, kwa 1600 watu 50. Kama lengo lake ni wateja wazoee kibanda, 1400 ni bora, anapoteza 500 tu anapata watu watano zaidi kila siku ambao kesho watakuja na wenzao. Kama amechoka na mikono yake inauma kwa kukamua, 1600, glasi 50 tu. Na kuna suala la chenji ambalo hakuna fomula inalijua: 1500 inalipika kirahisi, noti ya elfu na sarafu ya mia tano, wakati 1400 itamtafutisha mia mia asubuhi hadi jioni. Mi ningemwambia 1500, na sababu yangu ingekuwa chenji kuliko kilele.

Angalia pia n = 0 na n = 10. Bei 1000 na bei 2000 zinaleta faida ileile, 48000. Kwa 1000 anakamua glasi 80, kwa 2000 anakamua 30. Hii inashangaza watu wakiiona kwenye grafu kwa mara ya kwanza, na ndo maana jirani wawili wanaweza kuuza kwa bei tofauti kabisa na wote wakaenda nyumbani na hela sawa.

Sasa tuongeze gharama zinazolipwa hata asipouza glasi moja: kodi ya meza, barafu, posho ya kijana wa kuosha glasi, jumla tuseme 20000 kwa siku. Watu wengi wanadhani kodi ikipanda inabidi bei ipande. Kwenye grafu kodi inaushusha mkunjo mzima kwenda chini kwa 20000, kila pointi sawasawa, kilele kinashuka hadi 40500 lakini hakisogei kushoto wala kulia. Bei bora inabaki 1500. Kinachosogeza kilele ni gharama ya kila glasi (maembe yakipanda) au tabia ya wateja. Hii peke yake inatosha kumfanya mtu ajifunze grafu.

Badala ya kushusha mkunjo wote na kuchora upya, chora mstari wa usawa y = 20000 kwenye grafu ileile. Pale unapokata mkunjo ndo pale biashara hailipi wala haili hasara. Ukipanua jedwali pande zote mbili utakuta unakata n = 14 na n = −4. Hesabu inakubali pia:

48000 + 5000n − 500n² = 20000
n² − 10n − 56 = 0
(n − 14)(n + 4) = 0

Shuleni tumezoeshwa kukiona hasi tukikate. Hapa usikate! n = −4 maana yake amepunguza mia nne, anauza 600, wateja 100, anabakiwa na 200 kwa kila glasi, jumla 20000, yote inaishia kwenye kodi. Hasi ina maana kamili. Na n = 14 ni bei ya 2400, wateja 10 tu, 2000 kwa kila glasi, 20000 tena. Kwa hiyo mama huyu akiwa popote kati ya 600 na 2400 anaingiza kitu, nje ya hapo anakula hasara. Kabla hujakata jibu hasi, rudi kwenye sentensi ya kwanza ujiulize ile herufi ulisema ni nini.

Tahadhari moja ya kweli: ule ukweli kwamba wateja 5 wanakimbia kwa kila mia umepimwa karibu na bei ya 1000 hadi 1200. Ukienda mbali, mfano 2400, grafu inakisia tu. Amini katikati, tilia shaka ncha.

Tofali linalorushwa juu

Umeshapita kwenye jengo ukaona kijana wa chini anamrushia fundi tofali la kuchoma, fundi yuko juu ya jukwaa anadaka kama vile tofali limesimama hewani? Halijasimama, ila karibu lisimame, na grafu inaonyesha kwa nini.

Kitu kikirushwa juu, kimo chake kwa kila sekunde kinafuata h = kimo cha kuanzia + mwendo wa kuanzia × t − 4.9t², ambapo t ni muda kwa sekunde. Ile 4.9 ni nusu ya 9.8, mvutano wa dunia. Kwa kuchora kwa mkono tumia 5, tofauti ni ndogo sana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, ndo aliyelionyesha hili vizuri kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama na kupima muda kwa maji yanayochuruzika, akakuta umbali unaenda kwa mraba wa muda, na akayachapisha mwaka 1638 akiwa mzee tayari.

Tofali linaachiwa mkononi kwenye kimo cha mita 1, kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde:

h = 1 + 8t − 5t²

t: 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8, 1.0, 1.2, 1.4, 1.6
h: 1, 2.4, 3.4, 4.0, 4.2, 4.0, 3.4, 2.4, 1

Fundi mikono yake iko mita 4. Laza mstari h = 4: unakata kwenye 0.6 na 1.0. Kwa hiyo tofali linapita mikononi mwake likipanda, linaenda juu sentimita 20 tu, linarudi, na hiyo safari ndogo inachukua sekunde 0.4 nzima. Linganisha na mwanzo, ambapo kwa sekunde 0.2 za kwanza lilipanda mita 1 na sentimita 40. Fundi anadaka kwenye sehemu tambarare ya parabola. Kijana wa chini akirusha kwa nguvu sana tofali litampita fundi likiwa bado na kasi, na hapo ndo vidole vinaumia, akirusha kwa uvivu halifiki. Mwendo unaohitajika ni ule unaoweka kilele juu kidogo tu ya mikono ya fundi.

Fundi asipolidaka linafika chini lini? Tafuta h = 0. Mkunjo unakata mhimili karibu na t = 1.7, na ukiurefusha nyuma unakata pia karibu na −0.1. Hapa hasi inakatwa kweli, sababu kabla ya sekunde 0 tofali lilikuwa bado mkononi, ile fomula haikuwa imeanza kufanya kazi. Ona tofauti na juisi.

Kitu kingine kinachochanganya watu wengi sana: mkunjo huu si njia ya tofali angani. Tofali linaweza kuwa limeenda juu wima na kurudi palepale, bado grafu itakuwa parabola, maana mhimili wa chini ni muda, si umbali. Kabla ya kusoma grafu yoyote soma kwanza kilichoandikwa kwenye mihimili.

Kuhakiki jedwali kabla ya kuchora

Hii haichukui hata dakika na inaokoa karatasi. Toa kila namba kutoka kwa inayofuata, halafu rudia kutoa kwenye majibu uliyopata. Kwa tofali: 1.4, 1.0, 0.6, 0.2, −0.2, −0.6, na kuendelea. Rudia: −0.4, −0.4, −0.4, kila mahali. Kwa banda: 22, 18, 14, 10, halafu −4, −4, −4. Kwa juisi utapata −1000 mfululizo. Kama hatua za x ni sawa na hali ni kwadratiki kweli, tofauti ya pili lazima iwe namba moja. Ikitokea chache zimekataa sehemu moja, ujue umekosea kuhesabu sehemu hiyo, au kama ni vipimo vya kweli umepima vibaya. Ikikataa kila mahali, hiyo si kwadratiki, usilazimishe.

Breki kwenye lami yenye maji

Hapa hakuna kilele cha kutafuta, tunataka kujua mkunjo unapanda kwa kasi gani. Chombo kikifunga breki, umbali wa kusimama unaenda kwa mraba wa mwendo. Kwa lami iliyolowa, msuguano ukiwa kama 0.4 na tairi zikiwa nzima, makadirio yanakuwa rahisi ajabu: chukua mwendo kwa kilomita kwa saa, gawa kwa 10, jibu lizidishe kwa lenyewe, hizo ndo mita. Ongeza na umbali unaokwenda kabla mguu haujagusa breki, tuseme sekunde moja ya kushtuka, ambayo ni v/3.6 (v ni mwendo wako).

d = v²/100 + v/3.6

v: 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80, 90, 100
d: 10, 17, 27, 39, 53, 68, 86, 106, 128

Chora, sentimita 1 kwa kilomita 10 na sentimita 1 kwa mita 10. Sasa uliza swali kwa kinyume, ndo matumizi yake hasa: usiku mvua inanyesha, taa zako zinaonyesha mita 60 mbele. Laza mstari d = 60, shuka chini unapokata mkunjo, utasoma kama 65. Hiyo ndo spidi ya juu kabisa unayoweza kwenda ukamkwepa ng'ombe aliyesimama barabarani. Dereva anayeenda 80 anahitaji mita 86, na anaona 60. Atakapomwona ng'ombe ameshachelewa, hata awe na miaka thelathini kwenye usukani. Na ona pia kutoka 50 kwenda 60 umeongeza mita 14, kutoka 90 kwenda 100 umeongeza karibu 22, kilomita kumi zilezile. Tairi zikiwa kipara mkunjo unapanda juu zaidi ya huu. Kwa lami kavu, msuguano ukiwa kama 0.7, badala ya 100 gawa kwa 178 hivi.

Swali la mtihani la mstari ulioinama

Haraka kidogo hapa, maana wanafunzi wa KCSE Kenya na wa kidato cha nne Tanzania wanaliulizia. Umechora y = x² − 2x − 3, halafu wanakwambia tumia grafu hiyohiyo kutatua x² − 3x − 1 = 0. Usichore upya. Toa mlinganyo wa pili kutoka kwa wa kwanza, x² zinakufa, inabaki y = x − 2. Chora huo mstari, pale unapokata mkunjo soma x: karibu 3.3 na −0.3. Ni kitu kilekile tulichofanya na y = 64 na y = 20000, tofauti ni kwamba huu mstari umeinama.

Kama mlinganyo huna, una vipimo tu

Hii ndo hali ya kweli mara nyingi. Mfano umerekodi tofali kwa simu, ukaisogeza video polepole, ukasoma kimo kwenye ngazi ya matofali ya ukutani kila baada ya sekunde 0.2: mita 1, 2.4, 3.4. Pointi tatu zinatosha. Namba ya mwisho ya mlinganyo ni kimo pale t = 0, yaani 1. Tofauti ya pili ni −0.4, igawe kwa 2, halafu igawe kwa mraba wa hatua yako (0.2 × 0.2 = 0.04), unapata −5. Ya katikati: kupanda kwa hatua ya kwanza ni 1.4, gawa kwa 0.2 ni 7, halafu toa −5 × 0.2, yaani 7 + 1 = 8. Umerudi kwenye 1 + 8t − 5t² bila kuambiwa na mtu.

Vipimo vya kweli havitakaa vizuri hivyo, vitacheza kidogo juu na chini. Kwa hiyo usichukue pointi tatu za karibukaribu, chukua ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, au chora zote kisha pitisha mkunjo mmoja laini katikati yao, pointi zingine zikibaki juu na zingine chini, hiyo ni sawa. Baada ya hapo ndo fungua GeoGebra au Desmos kwenye simu, programu za kuchora grafu, ni bure zote, ingiza y = ax² + bx + c, itakupa vitelezi vitatu, vuta a uone mkunjo ukibanwa na kufunguka, vuta c uone ukipanda na kushuka mzima mzima kama kodi ya mama wa juisi. Ila b ivute polepole sana, maana kilele kinaenda pembeni na juu au chini kwa wakati mmoja, na hicho kilele chenyewe kinapita kwenye njia yake ambayo nayo ni parabola.